Kuasili mtoto: Kwa nini leseni ya shirika si suala la mihuri tu

Na Mwandishi Wetu

KARATASI yenyewe ni fupi, na watu waliopitia safari ya kuasili mtoto nchini Kenya huikumbuka vyema. Ni cheti kinachotangaza kwamba mtoto fulani yu huru kuasiliwa. Bila cheti hicho ombi haliwezi kuanza. Kikipatikana, njia ya kuelekea mahakamani inafunguka.

Kwa lugha ya kawaida, cheti hicho kinasema kwamba mama aliyemzaa mtoto ameridhia kumtoa, au kwamba wazazi wametafutwa na hawakupatikana, na kwamba hakuna jamaa mwingine anayemdai. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa hukatika. Tangu siku hiyo sheria humhesabu kuwa amezaliwa na wazazi wake wapya, na hurithi mali yao kama mtoto wao wa damu.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba chini ya sheria ya 2001 aliyeandika cheti hicho hakuwa jaji, wala hakuwa afisa wa watoto wa serikali. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, iliikabidhi kazi hiyo mashirika ya uasili yaliyosajiliwa. Mengi ya mashirika ya aina hiyo si ya serikali. Yana bodi zake, wafadhili wake na wafanyakazi wake.

Kwa hiyo dola ilipolipa shirika leseni, ilikuwa imemkabidhi mtu mwingine kalamu ya kuandika kwamba mtoto fulani hana mwenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi mamlaka hayo yanavyotolewa, yanavyochungwa, na mahali yanapopenya maji.

Shirika linafanya nini

Sheria ya 2001 ilifuta sheria tatu za zamani, ikiwemo ile ya uasili iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, na kuweka masharti katika kitabu kimoja. Sharti mojawapo ni kwamba hakuna mpango wowote wa kuasili unaoweza kuanzishwa kabla mtoto hajatimiza wiki sita tangu kuzaliwa.

Sharti hilo lina sababu yake. Mama aliyejifungua juzi, ambaye pengine hana mtu wa kumletea uji wodini, sembuse wa kumlipia gharama za hospitali, si mtu wa kuwekewa fomu na kalamu mbele yake. Wiki sita ni muda wa kupata nguvu, wa dada au shangazi kufika kutoka kijijini, na wa mama mwenyewe kubadili mawazo.

Upande wa pili, shirika humchunguza anayetaka kuasili. Wafanyakazi wake hufika nyumbani, huuliza kuhusu kipato, afya, ndoa na mwenendo, na huzungumza na watu wanaomfahamu. Chini ya sheria hiyo mwombaji alitakiwa awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa angalau miaka 21, lakini asiwe amevuka miaka 65. Mtoto alipaswa kukaa chini ya uangalizi wa mwombaji humu nchini kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kuwasilishwa Mahakama Kuu. Huko nako mahakama iliteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto wakati shauri likiendelea.

Msomaji atakuwa ameona kwamba shirika lilitokea mara mbili katika mlolongo huo. Liliandika kwamba mtoto huyu hana mtu, kisha likaandika kwamba mwombaji yule anafaa. Na fedha za kuendeshea shughuli hizo hutoka kwa sehemu kubwa katika ada za waombaji na misaada ya wahisani wanaopenda kusikia kwamba watoto wamepata makwao. Hakuna anayelipa ada kwa sababu mtoto amerudishwa kwa nyanya yake.

Sisemi kwamba wanaofanya kazi hii ni wafanyabiashara waliojificha. Wapo waliotumia maisha yao yote kuwatafutia watoto wazazi, kwa mshahara mdogo na lawama nyingi. Lakini sheria haiandikwi kwa kuwategemea watu wema peke yao, na hapa mwelekeo wa fedha unavuta upande mmoja.

Miezi sita ya ukimya

Ugumu mkubwa haupo kwa mama anayekuja mwenyewe akasema hawezi kulea. Huyo anaweza kuhojiwa, kushauriwa na kupewa muda. Ugumu upo kwa mtoto ambaye mama yake hayupo chumbani.

Sheria ya 2001 iliruhusu mahakama kuamua bila idhini ya mzazi ikiwa mzazi huyo amemtelekeza mtoto. Tena iliruhusu mzazi kuhesabiwa kuwa amemtelekeza mtoto ikiwa mtoto anaonekana aliachwa alipozaliwa, au ikiwa mtu au makao yanayomlea hayajamwona mzazi wala kusikia habari zake kwa muda usiopungua miezi sita.

Miezi sita! Kwa mtoto mchanga ni nusu ya maisha yake, na ni haki asiachwe akisubiri katika kitanda cha makao mwaka baada ya mwaka. Kwa mama anayefanya kazi za nyumbani mjini bila ruhusa ya kutoka, au aliyelazwa, au aliye gerezani, au aliyerudi kwao bila nauli ya kurejea, miezi sita hupita kama upepo.

Basi swali linakuwa: nani anathibitisha ukimya huo? Daftari la wageni la makao ndilo shahidi mkuu. Kama mama alikuja langoni akaambiwa arudi Jumatatu, na mlinzi hakuandika jina lake, kwa macho ya sheria hakuja. Kama shirika lilipeleka mtu kijijini kumtafuta bibi wa mtoto, au liliandika tu kwamba limefanya hivyo, karatasi mbili hizo zinafanana mezani kwa jaji.

Hapa ndipo ubora wa usajili unapoonekana. Mkaguzi anaweza kuridhika kwa kutazama katiba ya shirika, orodha ya wakurugenzi, hesabu zilizokaguliwa, vyeti vya maafisa wa ustawi na ofisi yenye kabati la kufungia majalada. Mambo yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo hayamwambii kama jalada namba fulani lina ukweli ndani yake. Ili kulijua hilo, mkaguzi lazima achague majalada machache bila kutoa taarifa, apande gari, aende hadi kituo cha polisi kilichoandika kuokotwa kwa mtoto, kisha hadi kijiji kilichotajwa, na aulize.

Kazi hiyo ni ghali na haina sherehe. Ndiyo maana katika nchi nyingi huachwa nyuma.

Ohio hadi Kampala

Mfano ulio wazi zaidi wa leseni nzuri juu ya jalada bovu ulitokea kwa majirani zetu wa Uganda, ukiihusisha Marekani.

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake ya kuyapa leseni mashirika yanayowatafutia watoto familia, yawe ya uasili au ya ulezi wa kambo. Shirika linaloshughulikia watoto kutoka nje ya nchi lilihitaji pia ithibati ya ngazi ya taifa. Ithibati hiyo ilianza Aprili 2008 kwa nchi wanachama wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu uasili wa kimataifa, na tangu Julai 2014 ilienezwa hata kwa watoto wanaotoka nchi zisizo wanachama, Uganda ikiwa mojawapo. Kwa maneno mengine, shirika lilipaswa kupita katika matundu mawili ya chujio.

Shirika moja la jimbo la Ohio lilikuwa limepita. Mnamo Desemba 2016, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililifungia kushughulikia uasili wa kimataifa kwa miaka mitatu. Mwaka 2019 mtu aliyefanya kazi katika shirika hilo alikiri mahakamani kuhusika katika njama ya kuwahonga maafisa wa Uganda.

Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mumewe. Kwa mujibu wa maelezo ya wizara hiyo, wazazi katika vijiji vya mbali walirubuniwa kwa ahadi kwamba watoto wao wangepelekwa Kampala kusoma. Badala yake watoto waliwekwa katika makao yasiyo na leseni, na Wamarekani wakaja kuwaasili wakiamini kwamba ni yatima au wametelekezwa.

Tazama jinsi mnyororo ulivyokuwa. Upande wa Ohio palikuwa na leseni, upande wa Kampala makao hayakuwa nayo, na katikati palikuwa na amri za mahakama zenye mihuri halali. Wazazi wapya waliona karatasi tu. Wazazi wa kijijini, ambao wengi walidhani mtoto amekwenda shule na atarudi likizo, hawakuona hata hizo karatasi.

Njia iliyotumiwa sana wakati ule haikuwa hata uasili kamili. Sheria ya Uganda ilimtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto kwa miaka mitatu kabla ya kumwasili, kwa hiyo mawakili waliomba amri ya ulezi wa kisheria, iliyopatikana haraka, kisha uasili ukakamilishwa Marekani. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliziba tundu hilo kwa kuwazuia wageni kupewa ulezi wa namna hiyo, huku muda wa kukaa ukipunguzwa hadi mwaka mmoja.

Kenya yafunga mlango

Kenya, ambayo ilijiunga na Mkataba wa Hague mwaka 2007, ilichukua hatua kali mapema zaidi. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha kwa muda usiojulikana uasili wa watoto wa Kenya unaofanywa na wageni, wawe wanaishi nje au humu nchini, na kuagiza leseni zote za kushughulikia uasili wa nchi za nje zifutwe. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya biashara ya watoto. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri lilitoa tena agizo la kusitisha uasili wa wageni.

Hatua kama hiyo inasomeka vizuri magazetini. Athari yake ya kwanza iliwaangukia waliokuwa tayari wameanza taratibu, ambao walibaki njia panda huku mtoto akiwa amekwisha kuwazoea. Kwa watoto wenye ulemavu au wale waliokwisha kuwa wakubwa, ambao waombaji wa humu nchini mara nyingi huwapita, mlango mmoja kati ya michache ulifungwa.

Na wauzaji wa watoto je? Hao hawakuwa na leseni ya kufutwa. Novemba 2020 shirika la habari la BBC lilionyesha uchunguzi wake uliofanywa Nairobi, ambamo watoto walioibwa kwa mama wanaoishi mitaani waliuzwa, na zahanati za vichochoroni zikageuzwa soko la wachanga. Katika hospitali moja ya umma, afisa wa ustawi wa jamii alinaswa na kamera akiuza mtoto aliyeachwa hospitalini kwa Sh300,000. Mtoto huyo alipaswa kupelekwa makao ya watoto. Mwaka 2023 mahakama ilimtia hatiani afisa huyo.

Mnunuzi wa mtoto wa namna hiyo haendi kwenye shirika la uasili, kwa kuwa huko ataulizwa maswali kwa miezi mingi. Anataka cheti cha kuzaliwa chenye jina lake, basi. Kadiri njia halali inavyokuwa ndefu, ghali na isiyoeleweka, ndivyo wanandoa waliokata tamaa ya kupata mtoto wanavyosogea karibu na kichochoro. Hilo halimsafishi mnunuzi, lakini anayepanga taratibu za leseni hana budi kulikumbuka.

Jirani asiyetumia mashirika

Tanzania Bara imefuata njia nyingine. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, shughuli ya kuasili husimamiwa na idara ya ustawi wa jamii yenyewe, na amri hutolewa na Mahakama Kuu. Sheria hiyo ilimtaka mgeni awe ameishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo na awe amemlea mtoto kwa angalau miezi mitatu chini ya macho ya afisa wa ustawi. Leseni hutolewa kwa makao ya watoto, si kwa madalali wa kati.

Mfumo huo unaondoa mvutano wa ada niliougusia hapo juu. Hauondoi tatizo la jalada. Afisa mmoja wa ustawi mwenye wilaya nzima mkononi, bila gari, naye anaweza kuandika kwamba jamaa hawakupatikana kwa sababu hakuwa na mafuta ya kwenda kuwatafuta.

Zanzibar nayo, kupitia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, iliitambua kafala, yaani malezi kwa mujibu wa Uislamu ambayo mtoto hulelewa na kutunzwa kikamilifu pasipo kubadilishwa nasaba yake wala kukata jina la baba yake. Kenya iliifuata kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ambayo pia iliitaja kafala. Sheria hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, na iliweka usimamizi wa mashirika ya uasili chini ya Baraza la Taifa la Huduma za Watoto.

Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwaondoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia, ziwe za kwao, za jamaa, za kambo au za kuasili. Hili likitekelezwa, maelfu ya majalada yatafunguliwa upya, na katika kila jalada mtu ataulizwa: huyu ana watu au hana?

Ulezi wa kambo unafaa kuelezwa hapa kwa ufupi, maana wengi huuchanganya na uasili. Mlezi wa kambo hupewa mtoto kwa muda, maafisa wa watoto huendelea kumtembelea, na damu na jina la mtoto hubaki vilevile. Mama akipata nafuu, anaweza kurudishiwa mwanawe. Kwa mtoto ambaye ukweli wa jalada lake bado una shaka, njia hii huacha mlango wazi.

Anayenuia kuasili aulize nini

Msomaji anayefikiria kuasili aanze kwa kuhakikisha kwamba shirika analoliendea lipo katika orodha ya Baraza, na kwamba usajili wake haujaisha muda. Kuonyeshwa cheti kilichotundikwa ukutani hakutoshi. Aombe orodha ya ada kwa maandishi, na kila malipo yawe na risiti. Malipo yoyote kwa mama wa mtoto, kwa muuguzi au kwa msimamizi wa makao yaliyopewa jina la shukrani ni hatari kisheria, hata yakitolewa kwa moyo mweupe.

Kisha aombe kusomewa habari za mtoto: aliokotwa wapi, nani aliandika taarifa polisi, lini, nani alikwenda kutafuta jamaa na alizungumza na nani. Shirika zuri halikasiriki likiulizwa hayo. Likijibu kwa haraka kwamba mtoto hana historia, mwombaji aondoke akafikiri upya, kwani hata mtoto aliyeokotwa alfajiri kando ya barabara ana mahali alipookotwa na mtu aliyemwona kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza, na hii hujitokeza baada ya miaka. Amri ya kuasili ikitolewa, jina la mtoto huingizwa katika rejista ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na Msajili Mkuu, na kumbukumbu zinazounganisha rejista hiyo na kuzaliwa kwake hazifunguliwi kwa umma. Habari nyingi zaidi, kama jina la kata, barua ya polisi, picha, au ujumbe ulioachwa na mama, hubaki katika kabati la shirika.

Shirika likifutiwa leseni au likifilisika, kabati hilo linahamia wapi? Usajili mpya unapotolewa, hilo ni jambo la kuandikwa katika masharti tangu siku ya kwanza: majalada yatakabidhiwa kwa nani, kwa orodha gani, ndani ya siku ngapi. Mtoto aliyeasiliwa mwaka 2004 ni mtu mzima leo. Baadhi yao wameanza kubisha hodi katika ofisi hizo, wakiwa na nakala ya amri ya mahakama mkononi, wakiuliza kama kuna karatasi nyingine yoyote.